Mama Aliyeuliza: Kiasi Gani?



Mwezi uliopita jirani yangu alinijia jioni, saa ya kuwaogesha watoto, akiwa na furushi dogo la majani makavu lililofungwa kwa gazeti. Binti yake wa darasa la tatu ana kifafa. Kwa mwaka mzima amekuwa akimeza vidonge alivyoandikiwa kliniki, na ilikuwa imepita miezi mingi bila kuanguka. Sasa mama mkwe amefika kutoka kijijini na majani hayo. Amesema vidonge vimemchosha mtoto, viachwe, yachemshwe majani kama walivyofanya wazee.

"Dada," akaniuliza, "nichemshe kiasi gani?"

Mama mkwe alikuwa amesema kiganja kimoja. Nikatazama kiganja changu, kisha nikatazama chake. Kiganja cha nani? Na maji kiasi gani? Anywe mara ngapi kwa siku? Na mtoto wa darasa la tatu anywe sawa na mtu mzima? Sikuwa na jibu. Nilimsihi tu asiruke kidonge hata kimoja usiku ule, nikamwahidi kwamba asubuhi tungekwenda pamoja kliniki, na majani tuyachukue.

Nilipolala nilimkumbuka mama mmoja wa India aliyetumia maisha yake kujibu swali kama lile la jirani yangu. Jina lake ni Asima Chatterjee, Mbengali wa mji wa Kolkata, ambao zamani uliitwa Calcutta. Si wengi kwetu wanaomjua. Ndiye ninayetaka tumzungumzie mwezi huu.

BINTI WA DAKTARI

Asima alizaliwa tarehe 23 Septemba 1917. Baba yake alikuwa daktari wa tiba ambaye pia alipenda sana elimu ya mimea. Walizaliwa wawili tu, yeye na mdogo wake wa kiume. Katika nyumba ile mtoto wa kike alisomeshwa sawa na wa kiume, jambo lisilo la kawaida kwa siku zile. Kaka huyo alikuja kuwa daktari wa upasuaji, na baadaye alishirikiana na dada yake katika utafiti wa mimea ya dawa.

Asima alisoma Bethune, shule ya wasichana iliyoanzishwa mwaka 1849 na iliyo miongoni mwa shule za wasichana za kale kabisa katika India. Kutoka hapo aliingia Chuo cha Scottish Church, kilichoanzishwa mwaka 1830 na mmisionari Alexander Duff, akachagua kemia. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1936, na ya uzamili mwaka 1938 katika Chuo Kikuu cha Calcutta.

Mama mwenzangu, tazama sasa miaka iliyofuata. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa inapiganwa, na mwishoni mwa 1942 ndege za Japani ziliangusha mabomu juu ya Calcutta. Mwaka 1943 njaa kali iliivamia Bengali, watu kwa mamilioni wakafa, na barabara za mji zikajaa wenye njaa waliotoka vijijini. Katikati ya taabu hiyo msichana huyu alikuwa maabara akichunguza kemia ya mimea. Mwaka 1944 Chuo Kikuu cha Calcutta kilimpa shahada ya Udaktari wa Sayansi. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa shahada hiyo na chuo kikuu cha India.

Hakungoja shahada hiyo ndipo aanze kufundisha. Tangu mwaka 1940 alikuwa katika Chuo cha Lady Brabourne, chuo cha wasichana hapo hapo Calcutta, ambako alianzisha idara ya kemia na kuiongoza.

SAFARI NA MTOTO MCHANGA

Mwaka 1945 aliolewa na Baradananda Chatterjee, mwanakemia mwenzake aliyefundisha chuo cha uhandisi. Wakajaliwa mtoto mmoja, msichana.

Mwaka 1947 ikaja nafasi ya kwenda kufanya utafiti Marekani. Huo ndio mwaka India ilipojitawala na kugawanywa, na Bengali yenyewe ikakatwa vipande viwili. Binti yake alikuwa na umri wa miezi 11 tu. Wengi wetu tungesema, mtoto akue kwanza. Wengine wangemwacha kwa bibi. Asima alimchukua mtoto, akamchukua na yaya wa kumsaidia, akaondoka.

Sisemi kila mama afanye vile. Kila nyumba ina mambo yake, na yeye alikuwa na uwezo wa kumlipa yaya, uwezo ambao wengi wetu hatuna. Ninachotaka tuone ni kwamba hakuna aliyemwambia achague kati ya mtoto na kazi yake. Au kama yupo aliyemwambia, hakumsikiliza. Na mume aliyekubali safari ile tusimsahau.

Alianzia Chuo Kikuu cha Wisconsin, kisha akaenda taasisi ya Caltech huko California, ambako alichunguza viini vya mimea ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A. Ndivyo vinavyoipa karoti rangi yake. Toka huko alikwenda Zurich, Uswisi, akafanya kazi na Paul Karrer, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1937. Mwaka 1950 akarudi nyumbani. Na mtoto yule aliyebebwa baharini na nchi kavu alikua, akasoma, akawa mwanakemia na mwalimu wa chuo kikuu kama mama yake.

NDANI YA JANI KUNA NINI?

Huko Zurich alizama katika jambo ambalo halikumtoka tena moyoni: alikaloidi. Msiogope neno hili. Alikaloidi ni viini vichungu ambavyo mimea mingi huvitengeneza, na ambavyo hata vikiwa kidogo sana hutenda kazi kubwa mwilini. Kafeini ya chai na kahawa ni alikaloidi. Kwinini ni alikaloidi. Baadhi huponya, na baadhi huua. Mara nyingi ni kile kile kiponyacho ndicho kiuacho, na kinachotofautisha ni kipimo tu.

Mfano wa kwinini unatufaa. Kwa karibu miaka mia mbili watu wa Ulaya walitibu homa kwa unga wa gamba la mti wa sinkona kutoka Amerika ya Kusini. Mgonjwa mmoja alipona, mwingine hakupona, wa tatu akazidi kuumwa. Kumbe gamba la mti mmoja lilikuwa kali na la mti mwingine hafifu, ingawa kijiko kilikuwa kile kile. Mwaka 1820 wanakemia wawili Wafaransa, Pelletier na Caventou, walikitoa kiini chenyewe ndani ya gamba. Tangu hapo daktari aliweza kupima dawa aliyoitaka badala ya kupima gamba.

Hiyo ndiyo kazi aliyoichagua Asima. Kwanza mmea unatambuliwa kwa jina lake halisi, kwa sababu majani mawili yanaweza kufanana na moja likawa sumu. Unakaushwa, unasagwa, unalowekwa katika spiriti na vimiminika vingine. Maji yake yanachujwa na kutenganishwa hatua kwa hatua mpaka kinapatikana kiini kimoja, safi, mara nyingi chembe nyeupe kidogo tu. Kisha inaanza kazi ya kuchora umbo la kiini hicho, kujua kimejengwa vipi. Halafu kinajaribiwa kwa wanyama, na mwisho kabisa kwa watu. Kazi ya mmea mmoja inaweza kuchukua miaka, na ikaisha kwa kuonekana kwamba jani halina faida yoyote. Hilo nalo ni jibu.

Maabara ya Calcutta haikuwa ya kitajiri. Vifaa vilikuwa haba, fedha zilikuwa haba, na mitambo iliyokuwa ya kawaida Marekani na Uswisi haikuwepo. Hata hivyo mwaka 1954 alihamia Chuo Kikuu cha Calcutta, akakusanya wanafunzi, wakafanya kazi. Mpaka mwisho wa maisha yake alikuwa ameandika makala za utafiti zipatazo 400.

MBOGA YA SOKONI

Katika mashamba ya mpunga ya Bengali humea mmea mdogo wa majini wenye vijani vinne vilivyokaa kama msalaba. Wenyewe wanauita sushni, na wanawake huununua sokoni na kuupika kama mboga. Mabibi wa Bengali walijua kwamba mboga hii humtuliza mtu na kumletea usingizi. Wanasayansi wanauita Marsilea minuta, na unapatikana hata katika nchi za Afrika.

Asima hakuwacheka mabibi wale, wala hakuyameza maneno yao bila kutafuna. Aliuchukua mmea wao akaupeleka maabara. Kutokana na utafiti huo, na mmea mwingine wa milima ya Himalaya uitwao jatamansi, ilitengenezwa dawa ya kifafa iliyopewa jina Ayush-56. Dawa hiyo hutumika India katika tiba yao ya asili. Haikuchukua nafasi ya dawa za kifafa zinazotumika hospitalini duniani, na si vema mtu kudai hivyo. Lakini kile kilichokuwa kiganja cha mboga kilikuwa sasa kimepata jina, kiasi na saa ya kumeza.

Alifuatilia vilevile mimea ya kupambana na malaria, ugonjwa unaoijua Bengali kama unavyotujua sisi.

Hapa nirekebishe jambo moja. Baadhi ya magazeti humsifu kwamba ndiye aliyegundua dawa za saratani zitokanazo na lile ua la rangi ya waridi au jeupe ambalo wengi wetu tumelipanda mbele ya nyumba, lenye asili ya Madagaska. Siyo yeye. Dawa hizo, vinblastini na vinkristini, zilipatikana kwa kazi ya watafiti wa Kanada na Marekani miaka ya 1950 na 1960. Asima alikuwa mmoja wa wanakemia waliochunguza alikaloidi za jamii hiyo ya mimea. Sifa zake zinatosha bila kuongezewa za wengine. Ila ua hilo linatufundisha: vinkristini imeokoa watoto wengi wenye saratani ya damu, na wenye uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Uganda. Lakini kupata gramu moja tu ya vinblastini kulihitaji mamia ya kilo za majani makavu. Mama anayechuma majani hayo uani na kuyachemsha hapati dawa ya saratani. Anapata mchanganyiko wa sumu asioweza kuupima. Tafadhali, ua hilo tulitazame tu.

MWAKA WA MSIBA

Msidhani maisha yake yalikuwa tuzo tupu. Mwaka 1967, katika muda wa miezi michache, alifiwa na baba yake na mume wake. Baba aliyemfungulia mlango wa elimu, na mume aliyekubali mke wake avuke bahari, wote wakaondoka kwa pamoja. Yeye mwenyewe akaugua sana.

Aliye mjane anajua siku zile zilivyo. Wageni wa matanga wameondoka, nyumba imekuwa kubwa mno, na hata kuchana nywele ni kazi. Ilimchukua miezi kupata nafuu. Wenzake wa kazini walimsaidia, naye akarudi maabara, kwa wanafunzi wake na mimea yake.

Heshima zilikuwa zimeanza kabla ya msiba, na hazikukoma baada yake. Mwaka 1961 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Shanti Swarup Bhatnagar, tuzo kubwa ya sayansi ya India, katika kemia. Mwaka 1962 alipewa kiti cha uprofesa cha Khaira, akakishika miaka 20. Mwaka 1975 alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Rais Mkuu wa Kongresi ya Sayansi ya India, na mwaka huo huo serikali ikampa nishani ya Padma Bhushan. Kuanzia 1982 hadi 1990 alikuwa mbunge wa kuteuliwa katika baraza la juu la Bunge.

Katika yote hayo kuna jambo dogo ninalolipenda kuliko nishani. Satyendra Nath Bose, mwanafizikia Mbengali ambaye jina lake limo katika vitabu vya fizikia dunia nzima, alimwomba aandike kitabu cha kemia kwa wanafunzi wa sekondari, kwa lugha ya Kibengali. Profesa aliyezoea kuwaandikia wataalamu aliketi akawaandikia watoto, kwa lugha ya mama zao.

Aliaga dunia tarehe 22 Novemba 2006, akiwa na miaka 89.

SWALI LA JIRANI

Asubuhi ile tulikwenda kliniki, jirani yangu, binti yake na furushi la majani. Nilihofu tungefukuzwa. Tabibu aliyafungua, akayanusa, akasema, "Mama, haya siyajui. Nisichokijua siwezi kukupimia." Hakumcheka mtu. Kisha akatueleza kwamba dawa ya kifafa haikatwi ghafla. Mtoto akikatishwa dawa ghafla anaweza kuangukia mfululizo, tukio moja juu ya jingine, na hiyo ni hatari ya kifo. Kama dawa inamchosha, akasema, kipimo kinaweza kurekebishwa, au ikabadilishwa nyingine polepole. Akamwambia anunue daftari, aandike kila siku: dawa saa ngapi, mtoto amelala vipi, ameanguka au la.

Nilitamani kumwambia kwamba daftari hilo ndilo alilokuwa nalo Asima.

Jioni tulikaa na mama mkwe, kwa heshima yote. Jirani yangu alimwambia, "Mama, hatuyadharau majani yako. Tunaogopa tu kumpa mtoto kitu tusichokijua kipimo." Bibi alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba hata yeye, kusema kweli, alipewa na mtu, hajawahi kuyapika. Furushi liko bado juu ya kabati. Vidonge vinaendelea, na bibi mwenyewe ndiye anayekumbusha saa.

Mama mwenzangu, watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Kifafa hakiambukizi, si kwa mate, si kwa povu, si kwa kula sahani moja. Mtoto akianguka, mwondoe karibu na moto na vitu vikali, mlaze ubavu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, na usimtie kijiko wala chochote mdomoni. Usimshike kwa nguvu. Tazama saa: ikizidi dakika 5, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, mkimbize hospitali. Na mtoto mdogo anayepatwa na degedege la homa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Degedege si lazima liwe kifafa, lakini homa ile inaweza kuwa malaria.

Ukiwa na jani ulilorithi kwa bibi yako, usilitupe, wala usilinyweshe mtoto gizani. Jifunze jina lake. Liulize kwa wanaojua. Mwambie tabibu bila aibu kila unachompa mtoto, maana majani mengine hugombana na vidonge. Na kama una binti nyumbani anayeuliza maswali mengi mpaka yanakuchosha, mwache aulize. Huenda ndiye atakayelipima jani la bibi yake.

Hadi mwezi ujao, mbaki salama ninyi na nyumba zenu.